Huruma ya Papa Leo itapimwa kwenye meza ya karani wa parokia

Wosia wa kitume wa kwanza wa Papa Leo XIV, yaani barua yake ya mawaidha kwa Kanisa iitwayo Dilexi te, ulitiwa saini tarehe 4 Oktoba 2025 na kutangazwa siku tano baadaye. Unazungumzia upendo kwa maskini. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tuliupokea kama mtu anavyopokea salamu za ndugu aliye mbali. Mapadri waliutaja katika mahubiri, na katika mikutano ya shirika, zile jumuiya ndogo za mtaa ambamo Mkatoliki wa Kivu anajulikana kwa jina na kwa shida zake, nimesikia maneno yale yale mara nyingi: Papa anatukumbuka. Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema Papa huyu ataikemea dunia iache kuinyonya Kongo, ataagiza misaada, atakuja mwenyewe kutuona. Njaa iliyo nyuma ya maneno hayo naielewa. Mji ambao benki zake zilifunga milango Februari 2025, ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, mji ambao mama anakatwa sehemu ya pesa na wakala wa simu kabla hajaishika noti aliyotumiwa na mwanawe, hauna budi kutafuta mahali pa kuegemeza tumaini.

Lakini naona barua hiyo tumeisoma kana kwamba sisi ndio tulioandikiwa. Haikuandikwa ili maskini wapate habari kwamba wanapendwa na mtu aliye Roma. Imeandikwa kwa wenye mali, wenye madaraka na wenye funguo, wakiwemo wenye funguo za Kanisa. Kwa hiyo tumaini letu kwa Papa Leo halipaswi kukaa kwenye matamko atakayotoa juu ya Kongo wala kwenye magunia atakayotuma. Likae kwenye mambo mawili ambayo kweli yako mikononi mwake: mtu anayemteua kuwa askofu wetu, na hesabu anayomdai askofu huyo. Hapo ndipo huruma ya Papa inaweza kushuka kutoka Roma hadi Kadutu, mtaa wa mji wetu, bila kupotea njiani.

Habari za Papa mwenyewe zinafahamika, sitakaa nazo sana. Robert Francis Prevost alizaliwa Chicago mwaka 1955, akawa mtawa Mwagustino, akafanya kazi Peru kwa miaka mingi na kuwa askofu wa Chiclayo hadi 2023. Wakati wa Covid aliongoza mchango wa kununua mitambo ya oksijeni kwa ajili ya watu waliokuwa wakifa kwa kukosa hewa. Alipochaguliwa tarehe 8 Mei 2025 alijiita Leo kwa kumkumbuka Leo XIII, yule aliyeandika Rerum novarum mwaka 1891 kutetea wafanyakazi wa viwandani. Wosia wenyewe ulianzishwa na Papa Fransisko katika miezi yake ya mwisho. Leo ameurithi, akaufanya wake na kuukamilisha. Yote haya ni mema. Ila sifa za mtu hazitoshi kutuambia atafanya nini akiwa na cheo, na ukiusoma wosia pole pole utaona kwamba wenyewe unaelekeza macho mahali pengine.

Chukua mfano wa Mtakatifu Laurenti, ambao Papa ameurudia humo. Laurenti alikuwa shemasi wa Roma katika karne ya tatu, na kazi yake ilikuwa kutunza mali ya Kanisa. Alipoamriwa na watawala akabidhi hazina, aliwaleta maskini mbele yao na kusema hazina ndiyo hii. Tumezoea kumsifu kwa ushujaa wa kifo chake. Tunasahau kwamba alikuwa mhasibu. Aliweza kuwaleta maskini kwa sababu alikuwa na orodha yao, aliwajua, na fedha zilikwisha kuwafikia. Shujaa wa barua hii ni mtu wa daftari. Vivyo hivyo pale Papa anapoandika kwamba kumsomesha maskini si hisani bali ni wajibu, hamsemeshi mtoto aliyefukuzwa shule. Anamsemesha anayemfukuza.

Na sisi wa Kivu hatuhitaji kwenda karne ya tatu kutafuta mfano. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyezaliwa 1981, alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Mwaka 2007 aliletewa hongo ili aruhusu mchele ulioharibika uingie sokoni. Alikataa, akatekwa, akateswa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo, na kesho yake Papa Leo akawapokea mahujaji waliofika kwa ajili yake. Wapo walioshangaa kwamba mtu wa forodha awe mwenye heri. Huruma, wanavyoijua wao, ni kutoa nguo, unga na sabuni, na kweli Floribert alikuwa akiwasaidia watoto wa barabarani akiwa katika jumuiya ya Sant'Egidio. Lakini kilichomuua si zile sahani za chakula alizowapa watoto. Kilichomuua ni sahihi aliyokataa kuitia. Maskini wa Goma ambao wangeununua mchele ule, kwa kuwa ndio wa bei ya chini, hawakumjua wala hawakumshukuru, kwa sababu hawakuugua. Huruma ya namna hiyo haipigwi picha, na ndiyo tunayoihitaji kuliko zote.

Sasa tuzisikilize hoja za wanaotaka kitu kingine kutoka kwa Papa. Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayosikika sana kwenye vibanda vya chai: Papa ni Mmarekani, basi atasema na wakubwa wa Washington, na Washington itamaliza vita. Wanaosema hivyo wanakumbuka kwamba mkataba wa Kongo na Rwanda ulitiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025, wanaunganisha mambo mawili yaliyotokea mwaka mmoja, na wanapata faraja. Lakini mahali alipozaliwa Papa hapampi mamlaka juu ya serikali ya huko. Yeye mwenyewe alichukua uraia wa Peru mwaka 2015, akaishi kati ya watu wa Peru kama mtu wao, na siku ya kuchaguliwa kwake, akiwa kwenye roshani ya Mtakatifu Petro, aliwasalimu watu wa Chiclayo kwa Kihispania, Chicago hakuitaja. Kumtazama kama balozi wa taifa lake ni kumpunguza, na ni kujidanganya. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hoja hii inatuzoeza kufikiri kuwa wokovu wetu uko katika kujuana na mkubwa, ugonjwa ule ule uliotufikisha hapa.

Hoja ya pili ina uzito. Inasema sauti ya Papa ni nguvu, na anayenyamazishwa anahitaji mtu wa kumsemea. Ni kweli. Papa Fransisko alikuwa amepanga kufika Goma Julai 2022, safari ikaahirishwa kwa sababu ya goti lake, na alipokuja Kinshasa mwanzoni mwa 2023, Goma ilikuwa imeondolewa kwenye ratiba kwa sababu ya vita. Badala yake watu wa mashariki walipelekwa kwake. Tarehe 1 Februari, katika nyumba ya balozi wa Vatikani, walisimama mbele yake watu waliokatwa viungo, wanawake waliobakwa, kijana aliyeona baba yake akichinjwa, wakasema kwa midomo yao wenyewe. Siku moja kabla alikuwa amewaambia wanaoinyonya Kongo waondoe mikono yao. Wengi wetu tulilia siku zile mbele ya redio, nami nilikuwa mmoja wao. Sitamruhusu mtu aseme maneno yale hayakuwa na maana. Mtu aliyesikilizwa mara moja hawezi tena kuambiwa kwamba mateso yake hayakutokea. Hata hivyo, baada ya miaka miwili vita vilikuwa vimefika Goma, kisha Bukavu. Sauti hutunza heshima ya aliyeumia. Kusimamisha risasi hakumo katika uwezo wake, na wala haiwezi kumwambia karani wa parokia amfungulie mjane mlango. Tukiidai sauti peke yake, tutaipata, maana Mapapa wote wa siku hizi wanaitoa, nasi tutabaki pale pale.

Nimemtaja karani, basi nieleze. Mama mmoja wa shirika letu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, akizibeba kwenye beseni kutoka ziwani hadi Kadutu. Mwaka huu alifiwa na mdogo wake. Alipokwenda parokiani kuomba misa ya mazishi, karani alimuomba kadi. Ni kadi ya kawaida ya rangi ya maziwa, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kutoboka, yenye visanduku vya miaka na muhuri wa buluu katika kila kisanduku kilicholipiwa ule mchango wa mwaka ambao wengi wetu tunauita denye. Yake ilikuwa na muhuri hadi 2022. Visanduku vitatu vilikuwa vyeupe. Karani hakumtukana. Alimwambia kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyelisema jambo hilo mara nyingi, kwamba akamilishe kwanza. Marehemu alizikwa akisindikizwa na wanashirika, nyimbo na rozari, bila padri.

Najua watakaonijibu, na hoja yao ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo sitaipita haraka. Watasema parokia zetu haziishi kwa fedha za Roma. Mishahara hakuna. Padri anakula kwa sadaka, anatibiwa kwa sadaka, pikipiki yake inatiwa mafuta kwa sadaka, na wanaotoa sadaka ni maskini wenyewe kwa sababu matajiri wetu ni wachache na wengi wao wamehama. Zaidi ya hayo, Kanisa hili hili lenye kadi ndilo lililofungua madarasa na kumbi za parokia kwa waliokimbia vita, ndilo lenye vituo vya afya vijijini ambako serikali haionekani, na ndilo linalosimamia shule nyingi za nchi hii kwa mapatano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa. Ukiondoa mchango wa mama wa sambaza, nani atalipa mafuta ya jenereta ya zahanati? Watasema pia kwamba mwenye kutoa anajiheshimu, kwamba Kanisa la Kongo liliamua zamani kujitegemea ili lisiwe ombaomba wa Ulaya, na kwamba uamuzi huo ulikuwa wa hekima.

Nakubali karibu yote. Na nina ushahidi unaowaunga mkono wao kuliko mimi. Septemba 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo, na maaskofu waliunga mkono. Kabla ya hapo wazazi ndio waliokuwa wakimlipa mwalimu kwa miaka mingi. Ada ilipoondolewa, watoto walijaa madarasani kwa furaha, kisha ikaonekana kwamba kuna walimu wasiokuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali na madawati yasiyotosha. Walimu wakagoma, na mwanafunzi maskini aliyeingia bure akajikuta amekaa sakafuni bila mwalimu. Huruma iliyofuta ada bila kuuliza nani atalipa ilimrudia yule yule iliyemkusudia. Kwa hiyo simwombi Papa wala askofu afute michango kwa tamko moja.

Ninachosema ni kingine. Kutoa ni jambo moja, na kufanya kutoa kuwa mlango wa kupitia ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Kanisa inalijua hilo tayari, wala haihitaji Papa mpya kuitunga. Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka husika, na daima aangalie wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mazishi si sakramenti, lakini roho ya sheria ni ile ile, na padri anayetaka kuijua anaijua. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadri waadhimishe misa kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata bila kupewa kitu. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Na ile ya 1287 inataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa kwa Kanisa. Nimeishi katika parokia tatu za mji huu tangu utotoni. Nimesomewa majina ya waliotoa, na viwango vyao, kwenye mimbari. Hesabu ya matumizi nimeisikia ikisomwa mara moja tu. Siku hiyo tulipiga makofi hadi mikono ikauma, na Jumapili iliyofuata kikapu kilikuwa kizito kuliko kawaida. Watu wetu hawachoki kutoa. Wanachoka kutojua.

Hapo sasa ndipo Papa anapoingia, na ndipo wengi wetu tunapomtazama vibaya. Hawezi kusimama nyuma ya kila karani. Anaweza kuchagua mtu atakayesimama. Prevost aliitwa Roma mwaka 2023 kuongoza baraza linaloshughulikia uteuzi wa maaskofu, kwa hiyo anazijua barua za siri zinazoandikwa juu ya mapadri: huyu ni msomi, huyu ni mtiifu, huyu anajenga. Lakini faili za Kongo hazikuwa zikipita katika baraza lake. Majimbo yetu yako chini ya Baraza la Kipapa la Uinjilishaji, na tangu mageuzi ya Fransisko yaliyoanza kutumika Juni 2022, kiongozi wa baraza hilo ni Papa mwenyewe. Faili la atakayekuwa askofu katika Kivu linafika kwenye meza ya Papa kupitia ofisi ambayo yeye ndiye mkuu wake. Hakuna jambo jingine la Kongo, si vita, si madini, si misaada, ambalo analishika kwa mkono wake namna hiyo. Ndiyo maana nasema tumaini letu lihamie hapo.

Je, uteuzi mmoja unabadilisha nini? Jimbo kuu hili linajua kuliko mengi. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alikaa na watu wake mji ulipokuwa ukianguka, akauawa barabarani tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alitoka Butembo-Beni, ambako aliongoza jimbo kwa miaka 30 hivi akiwa askofu wa barabara, shule na chuo kikuu. Watu wa kule bado wanazitaja barabara zake. Noeli ya 1999 aliandika ujumbe akiwashutumu wageni, pamoja na ndugu zetu Wakongo wanaoshirikiana nao, kwa kuendesha vita kwa mali ya nchi hii. Februari 2000 waasi wa RCD, walioushika mji wakati ule, walimzuia asirudi Bukavu na kumpeleka uhamishoni Butembo. Alirudi Septemba, watu wakajaa njiani kumpokea. Wiki tatu hivi baadaye alifariki Roma, tarehe 4 Oktoba 2000. Papa Leo ametia saini wosia wake juu ya maskini miaka 25 kamili baada ya siku ile. Siku hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya Fransisko wa Asizi, najua. Lakini kwetu sisi tarehe hiyo ina kaburi, na ningependa kila padri wa jimbo hili atakayeusoma wosia huo aikumbuke.

Watu hao wawili hawakuangukia Bukavu kwa bahati. Kuna mtu aliandika majina yao, mwingine akayapeleka, na Papa mmoja akayachagua. Sisemi juu ya askofu yeyote aliye kazini leo. Nasema juu ya maswali yanayoulizwa kabla. Kanuni ya 377 inamruhusu balozi wa Papa, akiona inafaa, kuuliza kwa siri hata walei wenye hekima juu ya padri anayefikiriwa. Ni walei gani wanaoulizwa? Nikiwatazama wanaokaa viti vya mbele, nadhani ni daktari, profesa, mfanyabiashara, mkuu wa shule. Wote watu wa heshima. Lakini kuna jambo wasiloweza kulijua, kwa sababu hawajawahi kusimama mbele ya ile meza wakiwa na kadi yenye visanduku vyeupe. Kama kweli Papa anaamini aliyoandika, kwamba maskini wana jambo la kutufundisha, basi balozi wake amwulize mama wa sambaza swali moja tu juu ya padri fulani: ulipofiwa, alikuja? Jibu lake litazidi kurasa 10 za sifa. Na askofu aliyekwisha kuteuliwa, anapokwenda Roma kutoa taarifa ya jimbo lake, aulizwe ni parokia ngapi zilizowasomea waamini hesabu mwaka huo. Idadi ya waliobatizwa huwa inaulizwa. Hii nayo iulizwe.

Kwa upande wetu, halmashauri za parokia zina walei ndani yake, wengine ni marafiki zangu. Wanaweza kudai kanuni ya 1287 itekelezwe bila kusubiri mtu yeyote kutoka popote, na wanaweza kuanzisha katika kila shirika mfuko mdogo wa kulipia visanduku vya wasio na kitu, ili kadi isiwe tena jambo la mtu mmoja na karani. Baadhi ya mashirika yamekwisha kufanya hivyo kimya kimya. Letu lilianza mwezi uliopita, baada ya mazishi yale, kwa franka mia tano tano.

Tulimaliza deni la mama wa sambaza kwa fedha hizo, na misa ya marehemu ikasomwa siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Palikuwa na nia nyingi zilizokusanywa pamoja. Aprili 2025, Fransisko alipokuwa amebakiza siku chache za kuishi, aliidhinisha amri ya Vatikani kuhusu misa za namna hiyo: waliotoa lazima waambiwe na wakubali nia zao ziunganishwe, na padri abaki na sadaka ya misa moja tu. Mama hakuwa ameambiwa lolote. Aliketi kwenye benchi la tatu, beseni lake miguuni, na padri alipoanza kusoma majina aliinamisha kichwa akihesabu kwa vidole. La mdogo wake lilikuwa la tisa, na lilitamkwa vibaya.